Jinsi ya kulisha mbung'o wa maabara kwa damu ya machinjioni

Nawaandikia hasa nyie vijana mnaoingia kwenye kazi ya kufuga mbung'o, wengine mnawaita ndorobo, maana nimeona mara nyingi mtu anafundishwa kuwasha pleti ya moto na kumwaga damu kwenye trei, siku mbili tatu anaambiwa umeshaiva, halafu baada ya miezi miwili pupa zinapungua na hakuna anayejua tatizo lilianzia wapi. Kulisha kwenyewe ni dakika kumi na tano tu. Kazi kubwa iko kwenye damu, yaani imetoka kwa ng'ombe gani, ilikusanywaje, ikagandishwa lini, na je uliijaribu kabla hujawapa kundi lako lote? Ukikosea hapo hata uwe na chumba kizuri kuliko wote Afrika Mashariki mbung'o watakufa tu, au wataishi bila kuzaa, na hilo la pili ndo baya zaidi kwa sababu unachelewa kuliona.

Kwanza mjue mnyama mwenyewe. Mbu dume unampa maji ya sukari anaishi, mbung'o hapana, dume na jike wote chakula chao ni damu na damu tu, maisha yao yote. Halafu jike hatagi mayai. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha humo humo kwa maziwa anayotengeneza kutokana na hiyo damu, na kila baada ya siku 9 au 10 hivi anamzaa akiwa mkubwa kabisa. Buu akishatoka anatafuta pa kujichimbia na ndani ya muda mfupi ganda lake linakuwa gumu, jeusi, hiyo ndo pupa, na kwenye joto la nyuzi 24 inakaa kama mwezi mmoja ndipo inzi mzima atoke. Sasa piga hesabu, jike akitunzwa vizuri maisha yake yote anaweza kukupa pupa nane, kumi, hivyo. Kila mlo mbovu unaompa unakula kwenye hizo hizo chache. Mzazi mwenye njaa anazaa buu mdogo, buu mdogo anakuwa inzi mdogo mwenye mafuta kidogo mwilini, na huyo ukimkosesha mlo wa kwanza ndo basi.

Zamani mbung'o wa maabara walikuwa wanalishwa juu ya wanyama hai, kwenye masikio ya sungura au ubavuni kwa mbuzi aliyenyolewa manyoya, na maabara ndogo bado zinaweza kufanya hivyo kwa idhini. Ila ukitaka inzi wengi sana haiwezekani, utahitaji zizi zima la wanyama na watu wa kuwatunza, na mnyama anaumwa kila siku. Utando wa silikoni, yaani ngozi ya bandia inayolazwa juu ya damu iliyopashwa moto na mbung'o akaichoma kunyonya, ulipokuja miaka ya 1970 ndo mambo yakabadilika. Mfano mzuri uko hapa kwetu, Unguja. Kati ya 1994 na 1997 zilirushwa kwa ndege zaidi ya milioni 8 za madume ya Glossina austeni, aina moja ya mbung'o, yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ili majike ya porini yakipandana nayo yasizae, na mbung'o wa mwisho wa porini kule Unguja alinaswa Septemba 1996. Watu wanakumbuka ndege na mionzi. Mimi nafikiria majike waliobaki Tanga kwenye keji, maana kila dume anapototolewa na dada yake naye anatoka, yaani kupata madume milioni 8 unahitaji kama pupa milioni 16, na kila pupa imetokana na milo kadhaa ya damu ambayo mtu aliipasha moto kwa mkono wake.

Haya, tuanze machinjioni.

Damu ya ng'ombe inatosha kabisa kuendesha kundi. Damu ya nguruwe nayo ni nzuri sana kwa mbung'o na kuna maabara zinachanganya zote mbili, lakini kwa huku pwani wafanyakazi wengi ni Waislamu na hamna haja ya kumtia mwenzako kwenye shida hiyo wakati ng'ombe yupo na anafanya kazi.

Kabla hujakinga hata tone moja, ongea na mwenye ng'ombe au mtu wa mifugo pale machinjioni, uliza mambo matatu. Je, ng'ombe amechomwa aivamektini, ile dawa ya minyoo, karibuni? Amechomwa antibayotiki, hasa oksitetrasaiklini? Ameogeshwa josho au kumwagiwa dawa ya kupe na mbung'o mgongoni? Hizi sababu zake ni tofauti kwa hiyo usizichanganye. Aivamektini ikiwa kwenye damu inamuua mbung'o au inamfanya asizae. Dawa za josho za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini, zimetengenezwa kuua kupe na inzi, na zinakaa kwenye ngozi na manyoya, kwa hiyo damu ikiteleza juu ya shingo kabla ya kuingia chomboni inabeba sumu nayo.

Antibayotiki ndo ya hatari zaidi kwa sababu haionekani. Damu peke yake haina vitamini B za kutosha, na mbung'o anaishi kwa sababu ndani ya utumbo wake kuna bakteria rafiki anaitwa Wigglesworthia ambaye anamtengenezea hizo vitamini, na mama anampitishia mtoto huyo bakteria kupitia yale maziwa niliyosema. Ukimlisha jike damu yenye tetrasaiklini unamuua yule bakteria, jike anabaki anaruka, anakula, tumbo linajaa, kila kitu unaona kiko sawa, ila hazai. Mimi yalinikuta. Tulipokea damu ya ng'ombe wa mnadani, hatukuuliza, vifo havikuongezeka hata kidogo na tukawa tunajisifu kwamba kundi liko imara, wiki ya nne pupa zikashuka karibu nusu. Mzee aliyekuwa anatusimamia akaniuliza, "Kijana, huyu ng'ombe alikuwa anaumwa nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali hilo nauliza kabla ya salamu hazijaisha, na kama mwenye ng'ombe hajui historia yake mimi nashukuru naenda kwa mwingine.

Kukinga. Chombo kiwe kimetoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kimefunikwa, na kinafunguliwa dakika ile ile ya kuchinja. Damu ya mwanzo kabisa iache imwagike, hiyo inaosha shingo na kubeba uchafu wa ngozi. Kinga ile inayofuata ikiwa inatoka kwa nguvu. Wakati wa kuchinja umio nalo linakatwa, kwa hiyo chakula cha tumboni kinaweza kurudi na kuchanganyika na damu, ukiona majani au ute wa kijani hata kidogo mwaga yote anza na ng'ombe mwingine. Usione aibu mbele ya wachinjaji, waeleze tu mapema unachofanya, wengi wao wakishaelewa kwamba damu hii inaenda kupambana na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, wanakusaidia wenyewe na kukusubiri.

Damu ikitoka inaanza kuganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuikoroga mfululizo kwa mwiko wa chuma uliosafishwa na moto, dakika kama kumi na tano hivi, mpaka zile nyuzi nyuzi nyeupe za fibrini zishike kwenye mwiko, halafu unachuja kwa kitambaa safi cha shashi na damu iliyobaki haigandi tena. Ya pili ni kutumia dawa ya kuzuia kuganda kama sodiamu sitreti. Mimi napenda kukoroga kwa sababu siongezi kitu chochote kwenye chakula, lakini kuna maabara kubwa zinatumia sitreti miaka na miaka na inzi wao wanazaa, kwa hiyo chagua moja na ushikilie hiyo hiyo, usiwe leo hivi kesho vile, maana kundi likiyumba hutajua nini kimeliyumbisha.

Mimina kwenye chupa au mifuko ya ujazo unaoutumia kwa siku moja, andika lebo ya tarehe, machinjio na namba ya ng'ombe, weka kwenye kuluboksi yenye barafu, ukifika weka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri. Kugandisha kunasaidia pia kuua vimelea vya nagana na malale vinavyoweza kuwemo kwenye damu ya ng'ombe. Hili liwe kichwani muda wote, mbung'o anayetoka kwenye pupa hana vimelea, mama hampitishii, anaambukizwa kwa mlo tu na hasa mlo wa kwanza wa maisha yake. Kwa hiyo damu mbichi ya moja kwa moja kutoka machinjioni usiwape kamwe, kwa sababu mbali na kundi kuharibika ni wewe na wenzako ndo mnaumwa na hao inzi humo chumbani.

Maabara zenye mashine ya mionzi ya gama zinapitisha damu ikiwa imegandishwa, kipimo cha kilogrei 1, inapunguza sana bakteria. Kama hamna mashine, usafi wa kukinga ndo kinga yenu, na kila bechi chukua tone ulipande kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, weka kwenye inkubeta nyuzi 37 kwa siku mbili uone kinachoota. Ukiona vituta vingi vya bakteria, bechi hiyo iende kwenye shimo.

Sasa jaribio lenyewe, na hapa ndo naona watu wengi wanakata kona. Bechi mpya usiipe kundi kubwa. Chukua majike wachache waliototoka karibuni, thelathini hivi, wape madume, walishe hiyo damu mpya peke yake kwa siku 25, na pembeni weka kundi lingine kama hilo linalokula damu ya zamani unayoijua. Siku ya 25 hesabu waliobaki hai, pupa walizozaa, uzito wa kila pupa, kisha pasua majike waliobaki uangalie mimba zimefikia wapi. Siku 25 ni ndefu najua, na ndo maana lazima uwe na akiba ya damu iliyokwishapita mtihani ya kutosha miezi miwili au zaidi. Maabara inayokula damu ya wiki hii kwa kukinga wiki hii haiwezi kujaribu chochote, inacheza kamari na kundi.

Chumba na vifaa nitapita haraka. Joto nyuzi 23 hadi 25, unyevu asilimia 75 hadi 80, mwanga masaa 12 na giza masaa 12. Pleti ya moto kubwa iliyosawazishwa, isiwe na upande unaochemka na upande baridi, na trei au kioo chenye mifereji midogo ili damu itande nyembamba. Juu yake utando wa silikoni wenye neti nyembamba ndani ya kuushikilia. Keji za mviringo zenye neti chini, matundu yake yawe ya kiasi cha buu kupita na kudondoka kwenye trei ya chini lakini inzi mzima asipite.

Siku ya kulisha toa damu kwenye friza tangu jana yake, iyeyuke taratibu ndani ya friji. Ukiwa na haraka weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiweke kwenye maji ya moto, itaiva. Ikishayeyuka haigandishwi tena, na ikikaa friji zaidi ya siku mbili tatu mimi siipi mtu. Inuse. Damu nzuri ina harufu ya damu, ile iliyoanza kuharibika utaijua tu kabla hata hujaisogeza puani.

Tikisa chupa polepole maana vitu vizito vinatua chini. Mwaga kwenye trei iliyosafishwa ambayo tayari iko juu ya pleti, kisha laza utando ukianzia upande mmoja kwenda mwingine, na kwa mkono wenye glavu safi sukuma mapovu yatoke pembeni, kwa sababu penye povu mbung'o anachoma anapata hewa, anatoa mdomo anahama, na dakika zako zinaisha. Pima joto juu ya utando pale inzi anapokanyaga, si lile linaloonyeshwa na mashine. Tunataka 36 mpaka 37, joto la mwili wa mnyama, maana hilo joto ndo linamwambia mbung'o hapa kuna chakula. Likishuka 33 utaona wanatembea tembea tu juu ya utando bila kuchoma, na mtu asiyejua atasema leo hawana njaa.

Weka keji juu, punguza mwanga, usiongee kwa kelele wala kupitapita, wape dakika 10 hadi 15. Utaona miguu inatulia, mdomo unashuka, tumbo linaanza kuvimba na kuwa jekundu. Akishiba anakuwa mzito kweli, ananyonya kiasi kinachokaribia au kuzidi uzito wake mwenyewe, na muda mfupi baadaye anaanza kutoa matone ya maji maangavu kwa nyuma, anapunguza mzigo, hiyo ni afya. Nyanyua keji taratibu bila kuitikisa. Jike aliyeshiba na kubeba mimba ukimgongesha anatupa mimba.

Mara ngapi kwa wiki? Mara tatu ndo kiwango cha chini, wengi wanakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pengo la Ijumaa mpaka Jumatatu tayari ni refu kwa mwenye mimba, kwa hiyo ukiweza ongeza Jumamosi. Waliotoka kwenye pupa wape mlo wa kwanza ndani ya siku moja au mbili na uwarudie kesho yake, maana siku ya kwanza si wote wanaokubali, mwili bado laini na wanashangaa shangaa. Sikukuu haipo kwa mbung'o. Idi, Krismasi, mtu mmoja lazima awepo, pangeni zamu mapema na aliye zamu alipwe, na jenereta iwashwe kila wiki hata kama umeme haujakatika, ili siku ukikatika katikati ya kulisha isije ikagoma.

Kuna maabara zinaongeza kidogo ATP kwenye damu, ni kiungo kinachomfanya mbung'o aendelee kuvuta akishaonja. Inasaidia kwa inzi wasumbufu, na kwa wale walioletwa kutoka porini ambao hawajazoea utando. Kwa kundi lililokwishazoea mimi sioni ulazima, bora hela hiyo uinunulie glavu.

Wanaofuga Glossina pallidipes, aina nyingine ya mbung'o, wasome hapa mara mbili. Huyu ana virusi vinavyovimbisha tezi za mate, inzi wengi wanabeba bila dalili yoyote, lakini kundi likiwa kubwa linalolishwa kwenye utando vinaweza kulipuka. Inakuwa hivi: inzi mwenye virusi anapochoma utando anatema mate ndani ya damu, anaondoka, keji inayofuata inawekwa juu ya damu ile ile, na kila inzi wa keji hiyo anameza virusi. Wanaovimba tezi wanakuwa tasa. Pale Seibersdorf, Austria, kwenye maabara ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kundi la pallidipes kutoka Ethiopia liliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa tatizo hilo. Wakatafiti mpaka wakapata njia: kila keji inapata damu mpya ambayo hakuna mwingine aliyeigusa, na kwa kundi lililokwishaathirika sana wanaongeza valasaikloviri, dawa ya virusi, kwenye damu. Damu mpya kwa kila keji inakula bajeti, hilo nalijua. Basi angalau kundi mama, lile linalozalisha wazazi wa kesho, lile kwanza kabisa kwenye utando safi na damu mpya, na wengine wafuate.

Ukimaliza, damu iliyobaki haihifadhiwi, inamwagwa kwenye dawa ya kuua vijidudu na kutupwa. Utando uoshe hapo hapo kwa maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yanaivisha damu juu ya silikoni na hutaitoa tena, na hapo bakteria wanapata makao. Baada ya baridi ndo sabuni, suuza sana sana maana hata mabaki ya sabuni si mazuri, unyanyue kwenye mwanga utafute vitundu, kisha kwenye oveni au otoklevu.

Mwisho wa siku kusanya pupa na usikusanye kwa macho tu, zipime. Uzito wa pupa unakupa habari mapema kuliko vifo. Ukikuta uzito unashuka kidogo kidogo wiki kwa wiki, milo haitoshi au damu imepungua ubora. Ukikuta mayai meupe yaliyotoka kabla ya kuanguliwa tumboni na mabuu machanga kwenye trei, mimba zinatoka, na hapo angalia mambo ya ghafla: joto lilipanda? keji ziligongwa? au kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumba cha jirani? Ukikuta wanakula vizuri, hawafi, hawatupi mimba, ila pupa zinapungua tu, rudi kwenye daftari lako, tafuta bechi waliyokula wiki tatu nne nyuma, toa kila chupa ya bechi hiyo kwenye friza uiweke pembeni na lebo nyekundu, rudi kwenye damu ya akiba siku hiyo hiyo, halafu panda gari nenda machinjioni ukaulize yule ng'ombe alikuwa amechomwa nini.